Baridi ya Paraná na Mabati ya Kamachumu

Kila biashara ina kitu inachokitazama kabla ya kufungua mkoba. Mwenye jahazi hutazama upepo, mvuvi hutazama mwezi, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi hutazama majira. Katika nchi za baridi, kama Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, mfanyabiashara wa namna hii huagiza makoleo ya theluji na chumvi ya kumwagwa barabarani wakati watu wangali wamevaa nguo nyepesi za kiangazi. Theluji ikianguka nyingi, duka lake huwa tupu kwa siku mbili. Ikianguka haba, makoleo hulala ukutani mpaka mwaka wa pili, na fedha iliyoyanunua hulala pamoja nayo. Mbingu zimemdanganya, na hasara ni yake.

Kamachumu haina theluji, wala mtu wa huko hana haja ya koleo la kuizoa. Hata hivyo maduka yake yamekuwa na mashaka ya namna hiyo hiyo tangu bati lilipoanza kushindana na nyasi juu ya nyumba za Wahaya. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, hasara ya mbingu haikubaki dukani. Ilishuka ngazi baada ya ngazi mpaka ikamfikia mkulima wa kahawa. Ya pili, mbingu zenyewe hazikuwa za Kamachumu peke yake. Baridi ya usiku mmoja katika jimbo la Paraná, kusini ya Brazil, iliweza kuamua kama mtu wa Kamachumu atapaua nyumba yake kwa bati au atavujiwa mwaka mwingine.

Kamachumu iko juu ya nyanda zilizoinuka magharibi ya Ziwa Viktoria, katika Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera. Kabla Muleba haijawa wilaya, mji huu ulihesabiwa katika Bukoba, na mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi mpaka 1979. Ni nchi ya vibanja, yaani mashamba ya migomba yenye mibuni kivulini, na baina ya vibanja hivyo ni rweya, nyanda za majani zisizo na rutuba nyingi. Ufuko wa Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nao mtu aendapo magharibi kuelekea Karagwe huona kiasi hicho kikipungua hata nusu yake. Wahaya wana majina yao ya majira. Toigo ni mvua kubwa za Machi hata Mei. Kyanda ni kiangazi cha Juni hata Agosti. Musenene ni mvua za mwisho wa mwaka, zilizopewa jina la senene, wadudu watamu wanaokuja nazo.

Mithali husema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika nchi hii mithali hiyo ina msaada mdogo. Usiku, upepo wa nchi kavu huvuma kutoka kingo zote kwenda ziwani, hewa yenye unyevu hupanda juu ya maji, na mawingu hukua gizani mahali asipoyaona mtu. Kisha upepo wa mashariki huyasukuma mpaka ukingo wa magharibi. Ndiyo sababu ngurumo za Bukoba husikika zaidi alfajiri na asubuhi. Mtu hulala chini ya nyota akaamka chini ya radi, na paa lake ndilo la kwanza kuulizwa kama lilijiandaa.

Kabla ya bati, jibu la swali hilo halikutoka dukani. Nyumba ya Mhaya ilikuwa mushonge, nyumba ya duara ambayo majani yake yalishuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi. Akiba ya paa ilikuwa rweya. Majani yalikatwa yakiwa makavu, na nguvu za kuyakata na kuyaezeka zilipatikana kwa jamaa na majirani, ambao walilipwa kwa pombe ya ndizi na kwa ahadi ya kusaidiwa siku yao itakapofika. Chuma nacho hakikuwa kigeni. Uchunguzi wa mambo ya kale ulioanzishwa na Peter Schmidt karibu na mwaka 1970 ulionyesha kwamba watu wa nchi hii waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mabaki ya tanuri zao yalifukuliwa Katuruka, karibu na Maruku, na huko Kemondo, kwenye ghuba ambayo sasa ina bandari. Katika Kihaya, machumu ni mikuki, na jina la Kamachumu humkumbusha msikilizaji neno hilo. Kwa hiyo kabla ya duka palikuwa na mhunzi, na kabla ya bati palikuwa na majani. Vyote viwili vilikuwa na majira yake, lakini hakuna kilichomtaka mtu awe na fedha katika mwezi maalumu.

Mabadiliko yalikuja kwa maji. Wajerumani walijenga boma Bukoba mwaka 1890, wakati wa Emin Pasha. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zikaanza kuleta shehena za Mombasa katika bandari za ziwa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikafungua mlango wa pili. Majembe ya Ulaya yaliyoletwa kwa njia hizo yaliuzwa kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo, na tanuri za zamani zikazimika. Upande wa pili, meli hizo hizo zilichukua kahawa. Robusta ilikuwa mmea wa kale katika Buhaya: buni zilitafunwa, zilitolewa kwa wageni, na zilitumika katika kufunga udugu wa damu. Utawala wa kigeni, kwa kudai kodi kwa fedha, na wafanyabiashara, kwa kununua kila gunia lililoletwa, waliifanya kahawa kuwa ndiyo fedha ya nchi.

Bati likafuata kahawa. Sifa zake zilikuwa dhahiri. Halishiki moto upesi kama nyasi, haliozi kwa unyevu, na maji yake huingia pipani badala ya kupotea chini. Lakini bati ni kitu cha mistari iliyonyoka, halikubali kuzunguka kama majani. Basi aliyetaka paa la bati alilazimika kujenga nyumba ya pembe nne, naye aliyejenga nyumba ya pembe nne alihitaji misumari, bawaba, kitasa na mbao. Paa ndilo lililobadilisha kuta. Na tangu siku hiyo akiba ya nyumba ilitoka rweya, ambako haikuwa na bei, ikahamia dukani, ambako ilikuwa na bei na mwenyewe.

Mwenye duka, awe Mhindi, Mwarabu au Mhaya, alikuwa na hesabu yake ya mwaka. Kahawa ya Bukoba huchumwa hasa kati ya Mei na Septemba, na huanikwa juani pamoja na maganda yake. Fedha huanza kuonekana Juni, hujaa Agosti, na hupungua kadiri mwaka unavyokwisha. Kwa hiyo mabati na misumari ya kuyapigilia vilipaswa kuwapo dukani kabla kyanda haijakomaa, maana ndiyo miezi ya kujenga: udongo ni mkavu, barabara hupitika, na mwenye nyumba ana kitu mkononi. Majembe, panga na mundu vilihitajika kabla ya mvua za Septemba. Majamvi, magunia na baadaye maturubai ya kuanikia vilihitajika mwanzo wa mavuno. Na kwa kuwa shehena ilitoka mbali, kwa reli, kwa meli na kwa gari la kupanda mlima, uamuzi wa kuagiza ulifanywa miezi kadhaa kabla, wakati mibuni ingali maua.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwenye duka hakuweka tu akiba kubwa kwa mwaka mzima, kwani wahenga wamesema akiba haiozi. Lakini katika unyevu wa ziwa akiba nyingine huoza. Saruji hunyonya maji ya hewani ikaganda ndani ya mfuko na kuwa jiwe lisilo na kazi. Mabati yaliyopangwa moja juu ya jingine, yakipenyezwa na maji, hufanya kutu nyeupe inayokula zinki yake kabla hayajaona paa. Misumari huwa myekundu. Na hata kitu kisichooza hufunga fedha ambayo ingeweza kununua kahawa, na katika Kamachumu ya zamani aghalabu aliyeuza bati ndiye aliyenunua kahawa. Kwa sababu hiyo duka lilijazwa kwa kiasi kilichotarajiwa kuuzwa katika kiangazi kimoja, nalo liliachwa likapungua mvua zilipoanza.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Haja ya bati haifuati kalenda ya fedha. Paa huvuja Machi na Aprili, siyo Agosti. Upepo wa mwanzo wa toigo ndio unaong'oa mabati yaliyopigiliwa kwa misumari haba, na wakati huo kahawa ya mwaka uliopita imekwisha kuliwa, ada ya shule imelipwa, na kahawa mpya ni punje za kijani tu. Mwenye duka ana mabati machache yaliyobaki, kwa hiyo bei ni kali. Mwenye nyumba hana fedha, ila ana mti wenye maua. Katika pengo hilo la miezi minne iliingia desturi iitwayo butura: kuuza kahawa ingali shambani, kwa bei ya mwenye haja, ili kupata leo kitu ambacho mavuno yatakilipa kesho mara mbili au zaidi. Serikali za nyakati mbalimbali zimeikataza butura, nayo imerudi kila mara. Haikurudi kwa sababu wakulima ni wajinga wa hesabu. Ilirudi kwa sababu mvua huja kabla ya mavuno, na mtoto aliyelala chini ya paa linalovuja hawezi kuambiwa asubiri Julai.

Kyanda yenyewe si ya kuaminika siku zote. Ziwa likileta mvua za ghafla Julai, kahawa iliyoanikwa hulowa, huota ukungu na kupoteza daraja. Basi mwaka huo mkulima hupata pigo mara mbili: bei ya kahawa yake hushuka, na siku za kujenga hupungua. Mwenye duka naye hubaki na mabati aliyoyaagiza kwa matumaini. Yeye hujilipa kwa kupandisha bei ya toigo inayofuata au kwa kununua maua mengi zaidi. Hivyo mvua ya wiki moja huonekana katika madeni ya mwaka mzima.

Julai, mwezi ambao Kamachumu huanika kahawa, ni katikati ya majira ya baridi kusini ya Brazil. Nchi hiyo ndiyo mkulima mkubwa wa kahawa duniani, na katika karne ya ishirini sehemu kubwa ya mibuni yake ilisogezwa kusini mpaka Paraná, ambako ardhi ni njema lakini baridi haina ahadi. Miaka mingi hupita salama. Kisha usiku mmoja hewa ya kusini hushuka, umande huganda kuwa jalidi, na asubuhi majani ya mibuni huwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Aina ya kahawa yao ni arabika, na ya Bukoba zaidi ni robusta, lakini bei za aina hizi mbili hupanda kwa kuvutana. Jalidi tatu za namna hiyo zinastahili kuwekwa katika historia ya maduka ya Kamachumu, kwani kila moja ilikuta ghala na mikono tofauti.

Ya kwanza ilianguka Julai 1953. Mwaka 1954 bei ya dunia ilifika kilele. Jalidi hiyo ilikikuta Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, BNCU, kilichoanzishwa mwaka 1950, kikipokea kahawa kupitia vyama vya msingi, na iliyakuta maduka ya watu binafsi yakiwa huru kuagiza baada ya uhaba wa miaka ya vita. Fedha ilifika, na bati lilikuwapo. Miaka hiyo ya katikati ya 1950 ndiyo paa za bati zilipoongezeka sana juu ya vibanja vya Buhaya, mushonge ikaanza kuwa nyumba ya wazee na ya kumbukumbu. Ushirika ulileta jambo jingine ambalo halikupigiwa ngoma: malipo ya pili. Mkulima alipewa sehemu ya bei alipoleta kahawa, na nyongeza baada ya kahawa kuuzwa. Nyongeza hiyo ilipofika katika miezi ya upungufu, iliziba sehemu ya lile pengo ambamo butura hukaa.

Kisha mbingu za nyumbani zikajaribu paa hizo. Mvua za mwisho wa mwaka 1961 zilipita kiasi katika Afrika Mashariki nzima. Bahari ya Hindi upande wa Afrika ilikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua ziliendelea pale zilipotazamiwa kukoma. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964, na magati kando yake yakaingia maji. Mwenye duka aliyejaza mabati kwa ajili ya kyanda na kuyauza yote hakuwa na kitu cha kumpa mteja wa Desemba, na bandari iliyopaswa kumletea mengine ilikuwa imezama. Hakuna hesabu ya duka iliyoweza kuona mwaka kama ule.

Jalidi ya pili ilianguka Julai 1975, nayo ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Bei ya kahawa ilipanda mwaka 1976 ikafika kilele 1977. Kama ghala zingekuwa zile zile za 1954, nyanda za Kamachumu zingeng'aa upya. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na Mamlaka ya Kahawa ikachukua kazi yao. Kodi ya kahawa inayopelekwa nje ikachukua sehemu ya faida. Mwaka huo huo Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini, na bidhaa zikawa za kugawiwa kupitia kampuni ya biashara ya mkoa na duka la kijiji. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na huduma zake za usafiri zikagawanyika. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vita iliyofuata ikameza magari, mafuta na fedha za kigeni.

Nia ya ugawaji ilikuwa ya haki: bati lisiende kwa mwenye fedha nyingi peke yake. Lakini ugawaji haukuwa na macho ya kutazama majira. Mgao ulitoka ulipotoka, Februari au Oktoba, kwa kadiri kiwanda cha Dar es Salaam kilivyopata malighafi. Mtu aliyekuwa na fedha Agosti hakukuta bati. Bati lilipofika, fedha ilikuwa imekwisha au thamani yake imeshuka. Ilipofika 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, hata kuweka mabati mengi ghalani kungeweza kumtia mtu mashakani, ingawa kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi kuweka akiba ndiyo kazi yenyewe. Hivyo jalidi kubwa kuliko zote iliacha alama ndogo juu ya paa.

Ya tatu ilikuja mara mbili katika mwaka mmoja, Juni na Julai 1994. Safari hii maduka yalikuwa yamefunguliwa, kwani tangu 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa. Ushirika ulikuwa umerudi, na jina lake sasa ni KCU. Lakini msimu wa 1994/95 ndio ulioruhusu wanunuzi binafsi wa kahawa kuingia tena vijijini. Ushindani uliinua bei ya papo hapo, na wakulima wengi waliifurahia. Pamoja nao, hata hivyo, butura ilipata nguvu mpya, maana mwenye fedha aliweza tena kufika shambani kabla ya mavuno bila kupita mlango wa chama. Baada ya hapo misiba ikafuatana: meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa, na katika 1997 na 1998 mvua za El Niño zilikata barabara katika sehemu nyingi za nchi.

Siku hizi mfanyabiashara ana msaada ambao babu yake hakuwa nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika, na Kagera imo katika maeneo yanayotajwa. Simu humjulisha bei ya robusta kabla gunia halijafungwa. Lakini utabiri husema juu ya msimu, hausemi juu ya alfajiri ya Jumanne. Mvua za mwisho wa 2019 ziliendelea kupita matarajio, na Mei 2020 ziwa lilifika kimo cha mwaka 1964 na kukipita kidogo. Mwaka 2021 jalidi ilirudi Brazil, na mwaka 2024 ukame wa Vietnam ulikuwa miongoni mwa sababu za bei ya robusta kupanda mno. Mbingu za mbali na za karibu hazijaacha kazi yao.

Kwa hiyo fundisho la historia hii halimo katika kuzijua mbingu zaidi, ingawa elimu hiyo ni njema. Jalidi ya 1953 na jalidi ya 1975 zilitoka usiku wa namna moja, katika jimbo moja, katika mwezi mmoja, lakini matunda yake Kamachumu yalikuwa mbalimbali. Kilichotofautiana ni mikono iliyoshika fedha ya kahawa kati ya mavuno na mvua, na kama bati lilikuwapo siku fedha ilipofika. Jalidi ya 1994 iliongeza kwamba duka lililojaa halitoshi, ikiwa mwenye haja ya Aprili hana mlango mwingine wa kubisha ila wa mnunuzi wa maua. Malipo ya pili, mkopo wa haki wa miezi minne, ghala kavu la chama: haya ni mambo madogo katika vitabu vya uchumi, na wapenda mijadala hawana shauku nayo. Lakini mtu apitaye Kamachumu asubuhi baada ya radi, akiona paa moja limeng'aa na la jirani lina viraka vya kutu na turubai lililofungwa kwa kamba, asidhani kuwa anaona tofauti ya bidii. Mara nyingi anaona tofauti ya mwezi ambao kila mmoja wao alilazimika kuuza.